Aliyeshika Hendeli

Asubuhi ile niliondoka kijijini Kifaru bila mpango wowote. Sikugombana na mtu, sikufukuzwa, wala sikuitwa mahali. Mahindi niliyokuwa nasaidia kuvuna yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani, na mwenyeji wangu alikuwa ameanza kuniuliza kila jioni kama kwetu mvua imenyesha. Mtu akikuuliza sana habari za kwenu, anakukumbusha kwamba una kwenu. Nikakunja shuka, nikalitia begini, nikaaga, nikasimama kando ya lami. Niliamua kwamba gari litakalosimama kwanza ndilo litakalojua ninakokwenda.

Shule nayo niliiacha hivyo hivyo, darasa la sita. Dawati langu lilikuwa dirishani na dirisha lilitazama barabara. Mwalimu alifundisha mito ya Afrika. Mimi nilijiuliza lile lori limebeba nini, linampelekea nani, na kwa nini utingo amekaa juu ya mzigo akicheka peke yake. Tangu hapo nimepiga rangi makaburi, nimechunga ng'ombe wa watu, nimeosha malori Hedaru. Ukiniuliza kazi yangu ni nini, nitakwambia ukweli: kazi yangu ni kuuliza.

Lililosimama lilikuwa lori la vitunguu. Dereva hakupenda maongezi, na mimi nilikuwa na maswali mengi kuhusu vitunguu, kwa hiyo alipofika Same alinishusha kwa furaha iliyoonekana wazi. Upepo wa Same ulinipokea kama kawaida yake, kwa kunitia mchanga mdomoni kabla sijamsalimia mtu. Simu yangu ilikuwa imezima. Nikaingia kwenye duka la steshenari karibu na stendi kuomba umeme.

Ndani palikuwa na ubishi. Mama mmoja mzee, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani kama cha askari, alikuwa ameegemea kaunta. Mbele yake ilikuwapo picha nyeusi na nyeupe iliyotoka kwenye mashine wakati ule ule, imekuzwa ikawa kubwa kama mkeka wa kuswalia. Mwenye duka, mwanamume mnene mwenye haraka, alishika kalamu.

"Mama, niambie tu niandike Landrova tumalize."

"Una hakika ni Landrova?"

"Gari la zamani lililopanda mlimani litakuwa nini tena? Kila lililopanda mlimani ni Landrova."

"Simu yako ilisema nini?"

Mwenye duka akakohoa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameionyesha simu yake ile picha ili iitambue, na simu ikajibu kwamba hilo ni jiko la mkaa.

Nilichungulia. Sikualikwa, lakini sijawahi kungoja mwaliko wa kuchungulia. Lilikuwa gari dogo jeusi, paa lake la turubai, taa mbili za duara zimetoka mbele kama macho ya kinyonga, matairi membamba kama ya baiskeli. Mwanamume mmoja mwenye kofia aliketi ndani. Mwingine, mwenye kaptula, alisimama mbele ya boneti, mkononi ameshika chuma kirefu kilichopinda mara mbili.

"Hiyo siyo Landrova," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni fundi?"

"Hapana, mama."

"Dereva?"

"Hapana."

"Sasa unajuaje?"

"Nimeosha magari. Landrova ni sanduku, lina pembe. Hili halina pembe hata moja."

Yule mama akanitazama kuanzia ndala hadi nywele. "Anayeosha gari," akamwambia mwenye duka, "ameliona uchi." Kisha akanivuta mkono hadi kwenye picha. "Haya. Kama siyo Landrova, ni nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kujua kitu kisivyo ni kazi rahisi kuliko kujua kilivyo. Niliinama, pua ikakaribia kugusa karatasi. Juu ya ile sehemu ya mbele inayopoza maji palikuwa na herufi. Ya kwanza ilikuwa F. Kisha doa. Kisha doa jingine. Kisha D.

"F na D," nikasema. "Katikati kuna mafua."

"Inaweza kuwa FUNDI," akasema mwenye duka.

"Inaweza kuwa Fodi," nikasema. "Fodi za zamani kabisa, zile za kuwashwa kwa hendeli. Ndicho alichoshika huyu."

Nilidhani nimempa zawadi. Mama akakunja uso kama aliyeuma ndimu.

"Hicho chuma kila mtu anakijua," akasema. "Hicho chuma ndicho kinachonitesa."

Akaikunja picha, akaifunga kwenye khanga, akamwuliza mwenye duka mwisho wa kupokea maneno ya kuchapwa chini yake ubaoni ni lini. Mwenye duka akajibu kwamba atachapa ubao jioni ile ile kabla ya kufunga, maana kesho yake anakwenda msibani. Maneno yatumwe kwa meseji, mafupi, na yasibadilishwe tena. Yule mama akanigeukia.

"Una safari wewe?"

"Bado sijaijua."

"Basi imeshajulikana. Tunapanda Vudee, kwetu mlimani."

*

Tulipata nafasi nyuma ya pikapu iliyobeba saruji. Mama alikaa juu ya mifuko kama aliyekalia kiti cha enzi, na mimi nikashika khanga yenye picha isije ikapeperuka. Joto la Same lilibaki chini taratibu. Kila kona hewa ilipoa kidogo, na kila kona yule mama alinisimulia kipande.

Usharika wao ulikuwa unajiandaa kwa jubilei. Kamati ya historia ilikuwa inatengeneza ubao wa kuning'inizwa ukumbini, na picha ile ndiyo ingekaa katikati, kwa sababu inaonyesha gari la kwanza kufika kwao, gari la misheni. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya watu wawili. Mwenye kaptula na hendeli alikuwa baba yake mzazi. Mwenye kofia, aliyeketi ndani, alikuwa baba wa marehemu mume wake.

"Baba yako na baba mkwe wako? Picha moja?"

"Picha moja. Sasa sikiliza. Kuwasha gari kwa hendeli watu huiita kazi ya utingo. Nilipokuja kuposwa, wakwe zangu walisema, 'Tunamchukua binti wa utingo.' Wakacheka, na sisi tukacheka, ni utani. Nilipojifungua wakasema, 'Mjukuu wa utingo amezaliwa.' Nikipika wali ukaungua, 'Mpeni hendeli, ndiyo anayoiweza.' Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini tukigombana aliniambia, 'Kumbuka nani alikaa na nani alisimama.' Unaelewa? Maisha yangu yote nimeolewa na watu waliokaa."

"Na baba yako alisemaje?"

"Baba alisema yeye ndiye aliyeendesha. Aliyeketi aliketi tu apigwe picha, kama hawa wanaopanda pikipiki ya mwenzao kupiga picha wakati hata stendi hawajui kuitoa. Lakini baba alikufa mapema, na wao ni wengi na wana sauti."

Akashika mfuko wa saruji, pikapu ikihangaika na mlima.

"Utani sikatai. Lakini utani wa mdomo hufa na wenye midomo. Ukiandikwa ubaoni ukatundikwa kanisani, huo si utani tena, ni historia. Wajukuu zangu watasoma: dereva fulani, na utingo wake. Mwenyekiti wa kamati ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Maneno ameshayatunga. Anangoja picha tu."

"Ndiyo maana ulitaka ajuaye magari."

"Nilitaka mtu aniambie kwamba gari la namna hii halina hendeli. Kwamba kile chuma ni kitu kingine. Fimbo. Kengele. Kitu chochote. Nikakupata wewe, ukasema ni hendeli mbele ya mashahidi."

Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimejivunia sana.

Kwenye kona moja kali dereva alisimama kupoza injini. Nikamwomba mama tuifungue picha tena, maana nilikuwa na swali, na swali likinikaa mwilini huniwasha. Tukaitandaza juu ya mifuko ya saruji. Kila mtu alikuwa ameangalia hendeli. Mimi nilitaka kuona kitu kingine.

"Mama, usukani uko wapi?"

"Si mbele ya huyu aliyeketi."

"Siuoni."

Aliinama na yeye. Mbele ya yule mwenye kofia palionekana kifua chake, vifungo vyake, na mikono miwili imelala mapajani kama ya mtu anayesubiri chai. Hapakuwa na usukani. Lakini upande wa pili, mbele ya kiti kilichokuwa kitupu, nyuma ya kioo chenye vumbi, palikuwa na mstari mwembamba mweusi uliojikunja: nusu ya duara. Katika picha ndogo usingeuona kamwe. Katika hii kubwa, ukishauona, huoni kingine.

Hedaru nilikuwa naosha malori yanayotoka Rwanda na Kongo, ambayo usukani wake uko kushoto. Wiki ya kwanza nilikuwa nafungua mlango wa kulia kutafuta dereva wa kumdai, namkuta mkewe. Nikamweleza. Huku kwetu, tukiona mtu amekaa kulia kwenye gari, tunajua ni dereva hata kabla ya kumtazama usoni. Watu wote waliowahi kuitazama picha ile walikuwa wamemkabidhi usukani yule mwenye kofia aliyeketi kulia, kwa mazoea tu.

Nilidhani atapiga vigelegele. Aliikunja picha polepole, akaifunga mafundo mawili.

"Usiseme kitu," akaniambia. "Ukisema wewe, watasema nimekununua. Sisi Wapare tunaweza kuuza ng'ombe tukashtakiana kwa ajili ya kuku, seuze gari. Wataona wenyewe kwa macho yao."

"Sawa, mama."

"Na kitu kingine. Kwangu wamejaa wajukuu waliokuja kwa jubilei, wanalala hadi chini ya meza. Chumba cha wageni kiko kwa shemeji. Kwa hiyo ukifika, kuwa na heshima."

*

Ukumbi wa usharika ulikuwa na sakafu ya saruji, madirisha yanayotazama bonde, na sufuria kubwa ya makande iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya kamati. Wanakamati watano walikuwa wanakula. Mwenyekiti, mzee mfupi mwenye koti la sufu na meno mazuri, alisimama tulipoingia.

"Shemeji! Umerudi? Nilidhani umebaki Same kumpigia mtu hendeli!"

Wote wakacheka, na yule mama akacheka vizuri kuliko wote.

"Nimerudi, shemeji. Nimeleta na mgeni."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, marahaba, karibu sana. Unalala wapi leo?"

"Bado sijajua, mzee."

"Utajua," akasema, akiniangalia kwa wema wenye masharti. "Shemeji, huyu ndiye mtaalamu wako? Anasema gari ni nini?"

"Fodi," nikasema.

"Na kile chuma?"

"Hendeli."

Mzee alifurahi hadi akanipakulia makande kwa mkono wake mwenyewe. "Huyu anajua magari!" akawaambia wenzake. "Huyu analala kwangu!" Kisha akamwambia katibu, mwanamke mmoja aliyekuwa na simu tayari kiganjani, asome maneno. Katibu akasoma: "Gari la kwanza Vudee. Dereva ameketi. Utingo amesimama na hendeli."

"Mazuri," akasema yule mama. "Mafupi. Ila kabla hujatuma, naomba kitu. Watoto watakuja kuuliza walikaaje mle ndani. Tukae kama wao, tuone."

"Tukae vipi?"

"Viti hivi. Viwili mbele. Wewe kaa kama baba."

Mzee hakuhitaji kuombwa mara mbili. Tulibandika picha ukutani, tukapanga viti viwili, na hapo kamati ikagawanyika. Mzee mmoja akasema mwenye kofia amekaa kushoto. Mwingine akasema kushoto kwako wewe unayetazama, kulia kwake yeye aliyekaa. Wa tatu akasimama mbele ya viti, akageuka, akasimama nyuma, akageuka tena, hadi akasahau alikuwa upande wa nani. Mwishowe mwenyekiti akasema baba yake alikuwa kulia, kulia kwa dereva, kulia kwa Tanzania, akaketi kiti cha kulia na kunyoosha mikono mbele kushika usukani wa hewa. Alipiga na honi kwa mdomo.

"Vizuri," akasema yule mama. "Mimi nitasimama mbele na hendeli." Akachukua mwiko wa makande, akasimama mbele ya viti. Nilimtazama pale, amenyooka, mwiko mkononi, na sura yake ikawa ile ile ya mwenye kaptula ukutani, kidevu kwa kidevu.

"Sasa mgeni," akaniambia bila kugeuka, "twaa mfuniko wa sufuria. Nenda kwenye picha, utafute usukani, halafu uushike mahali ulipo."

Nilichukua mfuniko. Nilikwenda kwenye picha, nikaweka kidole kwenye ile nusu duara nyuma ya kioo, na wanakamati wote wakaja kuchungulia kidole changu. Mmoja akavaa miwani. Mmoja akavua. Kisha nikarudi kwenye viti, nikaupita mkono wa mwenyekiti ulionyooshwa, nikaupeleka mfuniko mbele ya kile kiti kingine. Kile kitupu.

Matone ya mchuzi yalidondoka kwenye kiti cha dereva.

"Rudia," akasema mwenyekiti.

Nikarudia. Usukani haukuhama.

"Tanzania usukani uko kulia!"

"Hiyo Tanzania haikuwapo, shemeji," akasema yule mama.

"Labda baba alikuwa amesogea."

"Amesogea akamwachia nani?"

Katibu ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuuficha mdomo kwa simu, simu ikatetemeka. Yule mzee wa miwani akasema kwa sauti ya upole kwamba kama watu walikuwa wawili tu, na mmoja yuko kwenye kiti kisicho na usukani, basi aliyeshuka kuwasha gari kwa hendeli ni dereva mwenyewe, hata yeye angefanya hivyo. Mwenyekiti bado alikuwa amenyoosha mikono. Aliishusha mmoja mmoja, akailaza mapajani, na bila kukusudia akakaa kama baba yake hasa.

Niliufikiria ule usingizi wangu wa chumba cha wageni uliokuwa unakwenda zake.

"Duka linafungwa," akasema katibu. "Niandike nini?"

Yule mama alikuwa bado na mwiko. Angeweza kusema lolote. Miaka yake yote ya kuitwa binti wa utingo ilikuwa imesimama nyuma yake ikimsukuma. Nilisubiri aseme, "Utingo ameketi." Nadhani hata shemeji yake alisubiri, maana alikuwa amefumba macho.

"Andika: Dereva amesimama na hendeli," akasema. "Abiria ameketi."

Mwenyekiti akafumbua jicho moja. "Abiria?"

"Abiria."

Akalionja neno lile mdomoni. Akalionja tena, na meno yake mazuri yakaanza kurudi. "Abiria ndiye mwenye safari," akasema. "Abiria huendeshwa! Ndugu zangu, sikilizeni: baba yangu aliendeshwa. Baba wa shemeji alikuwa dereva wa baba yangu!"

"Abiria bila dereva ni mzigo, shemeji."

"Mzigo unaoketi!"

"Tuma," yule mama akamwambia katibu, "kabla hajawa mwenye gari."

Meseji ikaenda. Ikajibiwa palepale na mwenye duka: imepokewa, inachapwa. Yule mama akausuuza mwiko kwa maji, akaurudisha kwenye sufuria, akaomba sahani. Alikula makande polepole, akitazama bonde, na mtu mmoja alipompitishia chumvi alimwita "binti wa dereva," bila kucheka, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Alitafuna tu, lakini kwa muda mrefu kuliko makande yanavyohitaji.

Nilitwaa begi langu, nikaanza kufikiria mabenchi ya ukumbi yana upana gani. Mwenyekiti akanishika bega.

"Unakwenda wapi?"

"Natafuta pa kulala, mzee."

"Nilisema unalala wapi?"

"Ulisema kwako. Lakini ulisema kabla ya mfuniko."

"Kijana, neno alilopewa mgeni halihami, kama ule usukani." Akanitangulia nje. Baridi ya Vudee ilikuwa imeshashuka, na moshi wa majiko ulikuwa umelala juu ya migomba. Nyumba yake haikuwa mbali. Chumba cha wageni kilikuwa na kitanda cha mbao, blanketi mbili nzito, na dirisha lisilotazama barabara yoyote. Alinionyesha kata na ndoo, alinionyesha msumari wa kutundikia begi, kisha akasimama mlangoni bila kuondoka.

"Ule mduara," akasema kwa sauti ya chini, akihakikisha hakuna mtu uani. "Hauwezi kuwa kivuli cha kofia?"

"Ni usukani, mzee."

Akatikisa kichwa, akachungulia giza lililokuwa linaingia, akatikisa tena.

"Haya. Blanketi ya tatu iko juu ya kabati."